Msumari wa Ghalani

Juzi, kwenye ghala la ushirika hapa Mtwara, nilimkuta afisa akimfokea mama mtunza ghala. Madebe matupu ambayo afisa alikuja kuyachukua ili awagawie wanakijiji wachotee maji yalikuwa yametobolewa chini.

"Nani kaharibu mali ya umma?"

"Mimi, ndugu, kwa msumari. Haya yalikuwa na dawa ya wadudu wa mikorosho, yanakwenda kufukiwa. Ya mafuta ya kula yale pale, mazima."

"Si yangeoshwa tu?"

"Hili nimeliosha mara tatu." Akaziba tundu kwa kidole, akatia maji, akamsogezea mdomoni. "Onja, ndugu."

Afisa akajifuta mikono kwenye suruali, akabeba yale mazima.

Nimezoea kuona mali ya umma ikilindwa kwa kufuli. Siku hiyo niliona umma wenyewe ukilindwa kwa msumari.