Viatu Alivyoleta Shangazi

Shangazi yetu aliijua njia ya kuja Kawangware siku aliposikia kuna mashine. Kabla ya hapo, tangu tumzike mama, hakuijua. Yeye anaishi Kibera, na kwa maneno yake Kibera hadi kwetu ni safari. Safari hiyo mimi niliizoea kwa miguu, mdogo wangu mgongoni.

Mdogo wangu ana mtindio wa ubongo. Wengi kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga walipenda majina mengine: laana, jini, dhambi za baba. Mchungaji mmoja alimshika makwapani, akamsimamisha mbele ya waumini, akapaza sauti, kisha akamwachia. Niliyemdaka ni mimi. Tangu hapo wachungaji nawasalimu kwa mbali.

Niliacha shule kidato cha pili ili nimwangalie, nikawa nafua nguo za watu Nyayo Highrise, maghorofa yanayopakana na Kibera. Huko ndiko nilikosikia kuhusu kituo kilicho chini ya maghorofa, ambako wafadhili walileta mashine ya kutembeza watoto. Mtoto ananing'inizwa kwa mikanda, miguu inafungwa kwenye vyuma vinavyoipigisha hatua, na chini yake mkeka wa mpira unazunguka. Usoni anavishwa miwani mikubwa. Humo ndani anaona bustani, na kila akisukuma mguu kwa nguvu zake mwenyewe, kipepeo anakuja kutua.

Bustani! Ploti yetu ina mtaro, kamba za nguo na foleni ya choo. Fizio, yule dada wa mazoezi ya viungo, alimwuliza mdogo wangu angependa kutembea aende wapi. Nilimwona ameshaandaa tabasamu la kupokea neno shule.

"Choo," mdogo wangu akasema. "Peke yangu."

Ana miaka kumi na mitatu. Kubebwa chooni na dada yake, majirani wamesimama na funguo zao za choo mkononi wakitazama, kulikuwa kumemchosha.

Niliidharau ile mashine na vipepeo vyake, lakini lazima niseme kweli: ilifanya kazi. Baada ya muda alianza kushika ukuta wa nyumba na kwenda hadi mlangoni. Kutoka mlangoni hadi chooni si mbali.

Hapo ndipo shangazi alipotokea na raba nyeupe zinazong'aa.

"Wageni, wale wafadhili, wanakuja kupiga picha," akasema. "Mtoto wa kaka yangu hawezi kuonekana na viatu vilivyotoboka. Watasema hana watu."

"Hizi ni kubwa, shangazi."

"Atakua nazo." Akachana gazeti, akalisokomeza mbele.

Wala sikubisha. Kwetu mtoto hanunuliwi kiatu cha leo, ananunuliwa cha mwaka ujao, na gazeti linajaza kilichobaki. Mimi mwenyewe nilienda shule hivyo.

Tangu siku ile mashine ikawa inasimama njiani na kulia. Fizio akasema misuli imekaza, mtoto anapigana na vyuma. Sisi jamaa tuliwekwa nyuma ya kioo, kwenye benchi. Mwisho akatuambia wazi: nafasi ni chache, na mashine ikikataa tena, nafasi inaenda kwa mtoto mwingine.

Mtoto mwingine tulikuwa tunamwona. Alikuwa amepakatwa na mama yake kwenye benchi hilohilo. Yule mama alikuja kila tulipokuja, akaketi, akangoja. Kimoyomoyo nilimwita kunguru.

Siku ya uamuzi shangazi alifika mapema, simu mkononi, akiwaambia wageni jinsi anavyotulea. Mashine ikaanza, ikasimama, ikalia. Safari hii niliusukuma mlango nikaingia.

"Kia..." mdogo wangu alikuwa anasema chini ya miwani.

"Tulia, mrembo, tazama vipepeo," fizio akasema.

"Mwache amalize," nikasema. Anaongea polepole, na mwenye haraka husikia mate tu.

"Kiatu. Kinaogelea. Nilisema... juzi pia."

Nikamvua. Gazeti lilikuwa limegeuka mabonge chini ya vidole, na kisigino kimechubuka. Kila chuma kilipopiga hatua, mguu ulibaki nyuma ndani ya raba.

"Unaniaibisha mbele ya wageni?" shangazi akaninong'oneza.

"Aibu imetoka kiatuni, shangazi. Mimi nimekivua tu."

Fizio alikuwa ameona haya, lakini akatazama saa. Bila kiatu cha kumtosha hawezi kumfunga tena, na zamu inaisha.

Kunguru akainuka. Alipiga magoti mbele ya mwanawe, akamvua viatu vyeusi vya shule. Soli zilikuwa safi kama za dukani, maana hata huyo mtoto hajawahi kukanyaga nazo.

"Jaribu hivi. Miguu yao ni saizi moja."

"Lakini wewe ndiye unayengojea hii nafasi."

"Najua ninachongojea. Mvishe mtoto."

Vilimkaa. Mashine ilikwenda mpaka mwisho bila kulia, na fizio akasema nafasi inabaki yake. Yule mama akamvisha mwanawe viatu, akarudi kwenye benchi. Mimi ambaye kwa dharau sikosi maneno, nilipata "asante" moja tu, nayo ilitoka ndogo.

Shangazi alikuwa ameipiga picha ile miguu. Bado anawatumia watu picha hiyo, viatu vya mwana wa mwenzake vikionekana vizuri kabisa. Akiuliza raba nyeupe ziko wapi, namwambia ziko juu ya kabati, tunangoja mtoto akue.

Mdogo wangu sasa anashika ukuta, anapita chini ya kamba za nguo, ufunguo wa choo shingoni. Bado nasimama mlangoni kwetu, endapo ataanguka.

"Unaangalia nini?" ananiuliza. "Ingia ndani."

Halafu nasikia komeo la choo.