Mayai Yenye Alama ya Mkaa

Mke wangu alijua kuandika, ila hakupenda. Mambo yake aliyaweka kwa alama. Mayai aliyafukia ndani ya chungu cha mtama pembeni mwa jiko, na kila yai alilichora kwa mkaa. Mstari mmoja, hilo ni la mtoto. Msalaba, hilo ni la kuatamiwa. Alama ya tatu haikuwepo, kwa sababu mayai ya kuuza hakuwa nayo tena.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Mimi nimekua nikijua yai ni la kuuza au la kutotoa vifaranga. Kuku wetu husafiri kwenye matenga hadi Dar es Salaam, sisi tunabaki na ugali wa mtama na mlenda. Mtoto kula yai kwetu kulikuwa deko.

Kisha likaja shirika la lishe. Fedha zake zilitoka kwa watu wa mbali ambao hatutawaona. Tuliambiwa wengi wao ni wazee wastaafu wanaochanga kidogo kidogo. Watu wa shirika waliwapima watoto wa kijiji kwa utepe wa rangi unaozungushwa mkononi, juu ya kiwiko. Kijani ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni kwenda hospitali. Mjukuu wetu alitoka njano. Ni mtoto wa binti yetu anayepikia madereva wa malori kule Shelui, alituletea mara tu baada ya kumwachisha ziwa. Nyumba zenye watoto wa njano zikapewa mitetea watano na jogoo mmoja, na chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku. Sharti lilikuwa mtoto ale yai kila siku, na kuku wasiuzwe wala kuchinjwa mpaka mwaka upite.

Mke wangu alilishika sharti lile kuliko alivyoshika ibada. Alinipa mimi uji mtupu, mtoto akapewa wenye yai.

Aliugua siku nne. Siku ya tatu, akiwa kitandani hospitalini Kiomboi, aliniuliza, "Mtoto amekula yake?" Nikasema amekula. Siku hiyo ilikuwa kweli. Baada ya hapo alisema maneno mengine, lakini sikuyaelewa.

Kwenye msiba walikuja ndugu zake kutoka Mkalama, na wengine kutoka Ikungi. Majirani walileta unga na maharage, mimi sikuwa na mbuzi. Dada yangu mkubwa, aliyesimamia mapishi, akaja akaniinamia na kuniambia kwamba wakwe zangu wanakula maharage kwa siku ya pili sasa. Nikamwambia wachinje kuku.

"Wa mradi?" akauliza.

"Wa nyumbani kwangu," nikasema.

Baadaye watu walisema nilichanganywa na huzuni. Sikuchanganywa. Niliona aibu kulisha wakwe maharage, basi. Niliwasikia kuku wakikamatwa mmoja mmoja, na nilijua ninachofanya. Supu ilikuwa nzuri. Niliinywa.

Msiba ulipokwisha, binti yetu akarudi Shelui, wageni wakaondoka, akabaki dada yangu tu. Niliingiza mkono kwenye chungu cha mtama. Nilitoa mayai sita yenye mstari na tisa yenye msalaba. Nilikaa chini na yale mayai mapajani kwa muda mrefu, mpaka dada akaja kuuliza kama nimeumwa na kitu.

Uji nilitaka kuupika mwenyewe. Siku ya kwanza nililivunja yai ndani ya uji unaochemka, likawa mabonge, mtoto akayatoa moja moja na kuyapanga pembeni mwa bakuli. Siku ya pili nikakumbuka kwamba marehemu alikuwa analipiga kwanza kwenye kikombe, pamoja na karanga za kutwanga, ndipo anamimina taratibu huku anakoroga. Mtoto akanywa. Maganda sikuyatupa. Niliyaweka dirishani, mstari wa mkaa ukiangalia ndani.

Siku mtoto alipokula yai la sita alikuja mwenyekiti wa kikundi cha mradi. Alikuwa rafiki wa mke wangu tangu usichana. Alisema afisa lishe anakuja kesho kukagua, kabla ya awamu ya pili ya kugawa kuku. Akikuta nyumba haina kuku, huenda kikundi kizima kikakosa, na wapo watoto wengine wa njano wanaosubiri.

"Kwa hiyo kesho nakuletea wa kwangu, shemeji," alisema. "Wewe usiseme kitu. Kunyamaza siyo uongo."

Nikasema nimesikia. Ningeweza kukataa pale pale. Nilifikiria wale watoto wengine, nikafikiria pia jina langu.

Asubuhi alikuja na mitetea watano ndani ya tenga. Aliwafunga miguu kwa vipande vya kanga na kuwapigilia vigingi nyuma ya nyumba, maana kuku akiachiwa hurudi kwao. Dada yangu alisimama akimtazama, mwiko mkononi.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," akasema. "Na huyo afisa siyo kipofu."

"Basi wifi, wewe simama mbele ya kamba. Mwili unao."

Wakacheka kidogo, kicheko cha kwanza uani tangu msiba. Hata mimi nilicheka.

Mtoto akatoka ndani, amevaa gauni peke yake, macho bado yana usingizi. Aliwaona kuku. Alirudi ndani mbio, na alipotoka tena alikuwa amefumba ngumi, mtama unadondoka kati ya vidole, kama bibi yake alivyomzoesha kila asubuhi.

"Bibi karudi?" akaniuliza.

Dada yangu akaanza kukoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa. Mwenyekiti alitazama ua wa minyaa. Ilibidi nijibu mimi, na nilichoweza kusema ni kwamba hajarudi, na hawa si kuku wake.

Kisha nikapiga magoti, nikaanza kufungua kamba.

"Shemeji, unatuharibia," mwenyekiti alisema kwa sauti ya chini.

"Najua," nikamwambia.

Kuku walikula mtama wa mtoto wote, halafu wakapita chini ya minyaa, wakafuata njia ya kwao.

Afisa alikutana nao njiani, alikuja kuniambia baadaye. Alikuwa msichana wa umri wa binti yangu, amekuja kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye nyusi. Alinisalimia shikamoo, akanipa pole, akaomba kuwaona kuku. Nikamwambia hawapo, tumewachinja msibani. Akasema kwa upole kwamba labda wageni walikuwa wengi. Ilikuwa njia ya kunisaidia, na nilitamani kuipita.

"Wageni hawakuomba," nikasema. "Niliamuru mimi."

Akauliza mtoto anakula nini. Nikamletea chungu. Nikamweleza habari ya mstari na msalaba, kwamba ya mstari yameisha jana, na kwamba tangu alfajiri nilikuwa sijui kama nimpikie ya msalaba. Nikimpa, atakula siku tisa na baada ya hapo hakuna. Nisipompa, hakuna kuku wa kuyalalia.

Aliyageuza moja moja. Aliniuliza yana siku ngapi, tukahesabu pamoja kurudi nyuma hadi siku mke wangu alipoanza kuumwa.

"Yanaelekea kupitiliza, baba," akasema. "Yakipata kuku leo, baadhi yatatotoa. Yasipopata, mpikie."

Alimpima mtoto. Njano. Akaandika kwenye karatasi yake na kunisomea: kuku hawapo, wamechinjwa na mwenye nyumba, nyumba itolewe kwenye orodha. Nikatia sahihi. Kuhusu kikundi hakuahidi lolote. Mwenyekiti alikuwa nyuma ya jiko na alisikia yote. Aliondoka bila kuaga.

Mchana ule nilikaa nikimfikiria yule mzee wa mbali, yeyote awaye, aliyepunguza chake ili mtoto asiyemjua hata jina apate yai. Supu yake tuliinywa sisi watu wazima.

Jioni mwenyekiti alirudi. Uso ulikuwa bado umekasirika, na kwapani alikuwa na mtetea mmoja mweusi, ametulia, manyoya yamefura. Alisema huyu amelalia kiota kitupu tangu juzi na anadonoa kila anayekisogelea.

"Huyu hahitaji kamba," akasema.

Tulimtandikia nyasi kwenye karai bovu karibu na jiko. Nikaweka mayai manane. La tisa nilimpikia mtoto asubuhi iliyofuata, kwa sababu sikutaka siku hiyo ipite bila. Siku nyingine nilibadilisha alizeti kwa mayai ya majirani, na zipo siku ambazo hakupata. Nazisema kwa sababu marehemu angeziuliza.

Walitoka vifaranga watano. Mmoja alichukuliwa na mwewe. Mtetea mweusi tulimrudisha kwao, watoto wake walipoweza kujitafutia.

Kikundi kilipata awamu ya pili bila nyumba yangu, na ni haki. Afisa bado hupita kumpima mtoto, ingawa hatumo kwenye orodha yake. Mara ya mwisho utepe ulisimama kwenye kijani, kwa shida, akaukaza mara mbili kuhakikisha.

Wiki iliyopita mmoja wa wale vifaranga, sasa mtetea, alitaga kwenye lile karai. Nililichukua yai likiwa bado na joto, nikatafuta kipande cha mkaa. Mkono wangu ni mzito. Mstari ulitoka mnene kuliko wake.