Maandishi ya Penseli Nyuma ya Kitabu

Lameki Sanga hakupoteza masikio yake kwa siku moja. Yalikwenda taratibu, kama redio inayopunguzwa sauti na mtu aliye chumba cha pili. Miaka ishirini na sita alifanya kazi ya kupasua mbao, kwanza msituni huko kwao Makete, kisha kiwandani Makambako, akisimama hatua mbili kutoka kwenye msumeno uliokuwa ukilia kutwa nzima. Siku hizo hakuna aliyeziba masikio. Alipotimiza miaka hamsini, sauti za watoto zilikuwa zimeshamtoka. Zikafuata za wanawake, kisha mahubiri. Sikio la kulia likafa kabisa. La kushoto likabaki linasikia kama mtu aliyejifunika blanketi gubigubi.

Akaacha kiwanda, akajenga kibanda mbele ya nyumba yake Mahongole, hapo hapo Makambako, akawa ananoa misumeno, mapanga na mikasi ya mafundi cherehani. Kazi hiyo haikuhitaji maneno mengi. Mteja alionyesha kwa kidole, Lameki akaitikia kwa kichwa. Kanisani alisimama waliposimama wenzake na kukaa walipokaa. Kwenye misiba na harusi alitafuta kiti cha pembeni. Watu hawakumtenga kwa ubaya, walichoka tu. Ukimsemesha mtu mara tatu na bado anauliza, "Eeh?", mara ya nne unamwambia, "Basi, si kitu." Maneno hayo mawili, si kitu, Lameki aliyachukia kuliko kelele zote za kiwandani.

Kilichomshika mkono ni riwaya za upelelezi. Kitabuni watu walizungumza na yeye akasikia kila kitu, hata minong'ono ya nyuma ya mlango. Alivipata kwa Elius, kijana wa vitabu vya mtumba, ambaye Jumamosi alitandika turubai lake soko la Makambako na Jumatano akalitandika Njombe. Katikati ya vitabu vya shule na vya nyimbo za kanisa, Elius alikuwa na boksi lililoandikwa kwa maka: UPELELEZI. Ukileta ulichomaliza, unachukua kingine.

Jumamosi moja Lameki alichukua kitabu cha mkuu wa stesheni aliyekutwa amekufa ndani ya behewa la mizigo. Alikisoma siku mbili, akamshuku shemeji wa mkaguzi, na akakosea. Akafungua karatasi ya mwisho kabisa, ile isiyochapwa kitu, na pale akakuta maandishi ya penseli, ya mviringo na yaliyonyooka kama nguo iliyopigwa pasi:

"Mwandishi ametuonea. Habari ya ufunguo wa behewa hakuitaja mpaka mwisho. Mimi nilimshuku mke wa mkaguzi na bado namshuku. Ukitaka kitabu kisichodanganya, tafuta kile cha mganga aliyekutwa kisimani. Ila usikianze kama una kazi kesho. Y."

Lameki aliyasoma mara tatu. Kisha akatoa sikioni ile penseli bapa ya kuchorea mbao, akaandika chini yake: "Ufunguo ulitajwa. Ukurasa wa 31, mlinzi anapapasa mfukoni kitu na hakikuti. Mke wa mkaguzi hana kosa, ana hasira tu. L., Makambako."

Jumamosi iliyofuata akakirudisha, moyo ukimdunda kama mtoto aliyeandika ukutani.

Elius hakuwa mjinga. Alikuwa ameshaona kwamba ana wateja wawili, mmoja Makambako na mmoja Njombe, wanaofungua kitabu kwa nyuma. Akaanza kuvipeleka na kuvirudisha vitabu kwa makusudi. Wiki mbili baadaye kitabu cha stesheni kilirudi kikiwa na mstari mpya: "Nimerudia ukurasa wa 31. Umenishinda. Halitatokea tena."

Ikawa hivyo miezi saba. Kitabu cha mganga Lameki alikianza akiwa na misumeno sita ya watu inamsubiri, na siku hiyo haukunolewa hata mmoja. Walibishana juu ya mwalimu mkuu mwenye mapacha, juu ya daktari aliyejifanya kiwete, juu ya wapelelezi wanaovuta sigara kurasa kumi na kufikiri ukurasa mmoja. Y aliponda kitabu ambamo marehemu alikatwa kwa msumeno wa kawaida ndani ya dakika mbili, na Lameki akaongeza robo tatu ya ukurasa kueleza kwa nini haiwezekani, meno ya msumeno yakoje na mfupa ukoje. Halafu siku moja akafungua kitabu cha hotelini kilichorudi, kile kinachoisha bila mwandishi kumtaja muuaji, akakuta hivi chini ya maandishi yake:

"Wewe ni mwanaume, ndiyo maana hukumwona mpishi. Umemtazama miaka yote anakuwekea sahani mezani na hukumwona. Muuaji ni yeye. Na mwandishi amekosea pia: damu haifuliwi kwa maji ya moto. Maji ya moto yanaigandisha kwenye nguo. Ni maji ya baridi na chumvi, unaloweka. Y."

Lameki akacheka kwa sauti. Mkewe, Pendo, aliyekuwa jikoni anakanda unga, akatoka mbio na mikono myeupe. Alikuwa na muda mrefu hajamsikia akicheka peke yake.

"Baba Rejoice, una nini?" Alisema akiwa mbele ya uso wake, maana midomo ya Pendo ndiyo pekee Lameki aliyoweza kuisoma bila shida.

Akampa kitabu. Pendo akasoma, akakunja uso.

"Y ndiye nani?"

"Simjui."

"Humjui. Mtu anakuandikia kwamba wewe ni mwanaume, wewe unacheka, na humjui."

Lameki akaona jasho linamtoka, na ilikuwa mwezi wa sita, baridi ya kuvaa makoti mawili. Akaenda ndani, akaleta vitabu vingine ambavyo Elius alikuwa amemwachia, akavipanga mezani. Pendo, mwanamke wa Mdandu aliyekuwa hana habari na riwaya, akanawa mikono, akakaa, akasoma maandishi ya nyuma moja baada ya jingine. Hakuwa na haraka. Alipomaliza, uso ulikuwa umelainika.

"Huyu si mtoto," alisema. "Ni mwanamke mtu mzima. Na amefua shuka nyingi."

"Atakuwa nesi."

"Nesi hafui. Huyu amefua mwenyewe, maisha yake yote." Akagonga kidole juu ya jalada. "Mwandikie kwamba tunakuja kumwona. Umesikia? Tunakuja. Wawili."

Lameki akachukua penseli. Siku aliiweka haraka. Neno moja ndilo lililomchelewesha. Mwishowe akaandika: "Jumatano ya kwanza ya mwezi wa saba, saa nne asubuhi, nitakuwa Njombe kwa Elius pamoja na mke wangu. Nikuambie mapema, mimi ni kiziwi. Sikio moja limebaki nusu. Nikikuuliza kitu mara mbili usikasirike. Lameki Sanga."

Hakuwahi kuliandika neno hilo, wala kulitamka.

Ikapita wiki. Ikapita ya pili. Elius aliinua mabega: kitabu amekipeleka, mama amekichukua, hajarudisha. Lameki akajua ameharibu. Mtu alikuwa anabishana na mwanaume mwenye akili zake, sasa amegundua ni mzee asiyesikia. Akanoa misumeno kwa hasira mpaka mteja mmoja akamrudishia wake akilalamika kwamba meno yameliwa.

Jumamosi ya mwisho kabla ya safari, Elius akamkabidhi kitabu kilichofungwa kwa gazeti. Ukurasa wa mwisho ulisema: "Njooni. Chakula kitakuwepo. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa Makete kwenye msiba. Jina langu ni Yudita Chaula. Usishtuke, siko peke yangu."

Siku hiyo Njombe ilikuwa na ukungu mpaka saa tano. Elius alimwachia jirani turubai lake, akawapeleka mpaka kwenye shule ndogo ya chekechea ya wifi wa Yudita, ambako siku za Jumatano watoto waliondoka mapema. Yudita aliwapokea mlangoni. Alikuwa mrefu, mwenye mikono mikubwa iliyopauka, na Pendo alipoitazama ile mikono alimminya mumewe kiwiko. Miaka thelathini alikuwa amefanya kazi ya kufua katika hospitali ya Tandala, mpaka alipostaafu na kuhamia Njombe.

Ndani kulikuwa na jiko la mkaa, birika la chai, viazi vya kuchemsha na wasomaji wawili: Mzee Bonaventura, mpima ardhi mstaafu, na Anyisile, fundi wa nguo za shule. Wote walikuwa wamekaa kwenye viti vya watoto, magoti yakifika kidevuni. Walipomwona Lameki wakainuka na kupiga makofi. Pendo akamsemea sikioni, lile la kushoto: "Wanasema, 'Kumbe ndiye Mzee wa Misumeno!' Kila Jumatano huwa wanasoma maandishi yako kwa sauti. Miezi saba!"

Lameki alikaa, hajui aweke wapi uso wake kwa furaha. Lakini furaha ile haikudumu. Wakaanza kuzungumza, na walizungumza kama wasomaji wanavyozungumza, wote kwa pamoja. Yeye aliona midomo tu, ikifunguka na kufunga huku na huku. Pendo alijaribu kumfikishia, akaachwa nyuma, akajaribu tena. Wenzake wakicheka, Lameki alicheka. Wakacheka tena, akacheka. Halafu Bonaventura akashika kile kitabu cha mpishi, akasema maneno machache, na Lameki akacheka kwa nguvu.

Alicheka peke yake. Anyisile alitazama chini. Lameki akajua bila kuambiwa. Akainuka, akachukua kofia yake.

Yudita alikuwa ameshasimama mlangoni. Miaka thelathini kati ya mashine za kufulia zinazonguruma ilikuwa imemfundisha kusema kwa uso mzima.

"Kaa," alisema, na Lameki alilisoma neno hilo waziwazi.

Akaenda ubaoni, akafuta a e i o u za watoto, akachukua chaki: "BONAVENTURA AMESEMA KITABU HIKI KILIKUWA CHA MKE WAKE. ALIFARIKI HAJAKIMALIZA."

Lameki alisoma. Akavuka chumba, akaushika mkono wa mzee yule kwa mikono yake miwili.

"Nisamehe, ndugu yangu. Nilidhani mmesema kichekesho. Sikusikia."

 Bonaventura akanyanyuka kutoka kwenye kile kiti kidogo, kwa shida, akaichukua chaki, akaandika kwa herufi za mchora ramani: "HATA YEYE ANGECHEKA. ALIMSHUKU MPISHI TANGU SURA YA PILI."

"Mpishi?" Lameki akasahau kofia. "Mpishi hana kosa! Mpishi alikuwa sokoni! Mwandishi mwenyewe amesema samaki walikuwa bado wana barafu!"

"Barafu gani, mzee?" Anyisile akaruka, kisha akakumbuka, akageuka amtazame usoni. "Barafu gani?"

"Leteni hiyo chaki."

Wakabishana mpaka viazi vikapoa. Ilipofika saa tisa walikuwa wamejiwekea utaratibu: anayesema ni mwenye chaki, na anasema akimtazama Lameki. Bonaventura alisema kwamba kwa mara ya kwanza tangu waanze kukutana, ameweza kumaliza sentensi. Suala la mpishi halikuisha. Waliahirisha.

Yudita ndiye aliyemsumbua Lameki mpaka akaenda kupimwa masikio, jambo ambalo binti yake Rejoice alikuwa amelilia kwa miaka sita bila kusikilizwa. Daktari hakumdanganya: kilichokwenda kimekwenda. Lakini sikio la kushoto lingeweza kusaidiwa, na baada ya kusubiri miezi kadhaa alipewa kifaa kidogo cha kuvaa. Wiki ya kwanza alikichukia. Alijisikia mwenyewe akitafuna. Kisha jioni moja akamuuliza Pendo ni nani anayekwaruza kwaruza mle chumbani, na Pendo akainua kitabu alichokuwa anasoma, akafunua ukurasa mmoja taratibu, ili asikie.

Maana Pendo naye alikuwa ameingia kwenye kundi la wasomaji. Na alikuwa mkali kuliko wote. Muuaji alimjua kabla ya nusu ya kitabu, na kazi ilikuwa kumzuia asiseme.

Sasa, Jumamosi moja kila mwezi, wasomaji wa Njombe wanakuja Makambako. Lameki amepaka ubao wa msonobari rangi nyeusi, akauning'iniza ndani ya kibanda juu ya jiliwa la kushikia misumeno. Wameongezeka Janeth, anayekata tiketi stendi, na dereva wa lori anayeitwa Denis, ambaye humaliza riwaya nzima akingoja foleni ya malori mpakani Tunduma na kurudi na maoni makali.

Jumamosi iliyopita walikuwa na kitabu cha askari wa reli aliyetoweka. Denis alikuwa ameshika chaki, Pendo anamkatiza kinyume cha utaratibu, Yudita anatikisa kichwa. Mteja mmoja, fundi seremala, alikuwa amesimama nje na msumeno wake kwapani, hajahudumiwa karibu nusu saa. Lameki akamwona, akainuka haraka kumwomba radhi.

Yule fundi hakuonekana kuhangaika. Alikuwa anasoma ubaoni.

"Samahani, wakubwa," alisema. "Kwani huyo askari alionekana mara ya mwisho wapi?"

Wote wakageuka. Pendo akavuta gogo, akalipangusa vumbi la mbao kwa kanga yake, akamsogezea akae.