Mukwe Nyuma ya Marobota

Baba yangu, Floribert Chomba, alikuwa fundi mikate kwa Mgiriki mmoja mjini Élisabethville, na alikuwa mgonjwa wa motokari. Hakuwa nayo hata moja. Alikuwa na baiskeli tu, na ilikuwa ikisukumwa zaidi ya kuendeshwa. Lakini motokari ikipita nje ya dirisha la tanuri, aliijua kwa mngurumo kabla ya kuiona, na Mgiriki alimwambia mara nyingi kwamba mikate inaungua kwa sababu ya masikio yake.

Kila mwaka, kiangazi kilipokaribia kwisha, wazungu walifanya mashindano ya magari nyuma ya mtaa wa Bel-Air, kwenye barabara iliyozunguka na kurudi ilikoanzia. Mbio zile zilikuwa na sifa kubwa. Madereva walitoka Rhodesia, walitoka Léopoldville, na vumbi lao lilikuwa habari ya wiki nzima katika baa za Kamalondo, mtaa wetu weusi. Wazungu walikaa kwenye jukwaa lenye kivuli. Sisi weusi tuliwekwa ndani ya duara lenyewe, juani, nyuma ya kamba na marobota ya majani makavu. Kuingia na kutoka kulikuwa na mwanya mmoja tu kwenye kamba, na polisi aliufungua magari yaliposimama.

Mwaka ninaousimulia, siku ya mbio iliangukia Jumapili ambayo baba hakuweza kuigusa. Jumapili hiyo alikuwa anaingizwa kwa wakwe zake.

Kwetu mwanamume akioa, hata kama padri amembariki, bado haruhusiwi kumwona mama mkwe wake. Hali naye, hasemi naye, hapiti mbele yake. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Tangu ndoa mpaka mimi nikaanza kutambaa, bibi yangu, Mama Mutale, alipokuja kumtembelea binti yake, baba alitokea mlango wa nyuma na kukaa kwa jirani hadi mgeni aondoke. Nyumba yake mwenyewe, naye ndani yake mkimbizi! Alichoka, na mama yangu Albertine alichoka zaidi. Basi siku ikapangwa: atakalishwa mkekani, vyungu vitafunuliwa mbele yake, bibi atamwambia neno la kwanza, na kuanzia hapo wataonana kama watu. Mjomba mkubwa wa mama alikuwa amefika kutoka Kasenga kwa ajili hiyo, na Jumatatu lori linamrudisha. Bila yeye hakuna kitu.

Mwaba, mshenga wao, alikuja Ijumaa kumwonya. "Kesho ukae nyumba. Kama munakutana na mama-mukwe macho kwa macho mbele ya siku, yote inakufa. Mujomba ataenda na hasira yake."

"Niko na akili," baba akajibu.

Sikio la kufa halisikii dawa. Jumamosi asubuhi alitoka kazini na unga kichwani, akaenda moja kwa moja nyuma ya Bel-Air. Kwa kuwa ataikosa siku yenyewe, alijiambia, angalau ayaone magari yakijaribiwa. Atatazama kidogo, atarudi. Maneno ya mlevi hayo, "kidogo, nirudi."

Alifurahi, sitamnyima. Aliona gari jekundu, refu na jembamba, likikata kona hadi magurudumu ya upande mmoja yakakaribia kuinuka. Alipiga kelele na watu asiowajua. Alikula vumbi. Na jua lilipokuwa juu ya kichwa, akageuka kutafuta njia ya kutokea, akamwona mama mkwe wake.

Alikuwa amekaa chini, pale pale kwenye mwanya, na beseni la karanga za kukaanga. Kwa kupita pale, lazima mguu wa baba uguse kanga yake.

Baba alijitupa nyuma ya marobota kama mtu aliyepigwa jiwe.

Kwanza alijiambia atasubiri karanga ziishe. Zikaisha. Bibi aliligeuza beseni, akalikung'uta, akalipakata, akaendelea kukaa. Mwanya ukafunguliwa, watu wakatoka, bibi hakuinuka. Ukafungwa tena. Baba akawaza kuruka kamba upande wa pili, lakini upande wa pili kulikuwa na jukwaa la wazungu, na mweusi akikatiza barabara ya mbio huishia kwenye pingu. Huku polisi, huku mkwe, katikati magari yakizunguka yakizunguka, na yeye aliyeyapenda maisha yake yote akaanza kuyachukia. Kiu ilimkaba. Majani yalimwasha shingo. Alimwomba Bikira Maria amwite mama mkwe wake nyumbani, halafu akaona haya kumtuma Bikira kazi kama hiyo. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na alilijua hilo vizuri kuliko mimi ninayemcheka leo.

Jioni magari yakanyamaza. Watu wote wakatoka. Jua likizama, mtu wetu asiye na karatasi ya ruhusa hakutakiwa kuonekana kwenye mitaa ya wazungu, kwa hiyo polisi alipita na fimbo kusafisha uwanja. Akabaki bibi kwenye mwanya na baba nyuma ya majani. Fimbo ikamkuta baba kwanza.

"Weye! Unaiba nini hapa?"

"Hapana kitu, shefu."

"Unajificha juu ya nini? Toka! Utalala kwetu mpaka Jumatatu."

Mpaka Jumatatu! Jumapili ingempita akiwa ndani. Baba alifungua mdomo kueleza, na maelezo yake yote yalikuwa mtu aliyekaa hatua chache kutoka pale, ambaye hakuweza kumtaja wala kumwelekezea kidole.

Ndipo bibi alipofanya jambo ambalo ukoo wetu haujaacha kulisimulia. Aliwapa mgongo, akajifunika kanga kichwani hadi kidevuni, akalisemesha beseni lake.

"Beseni, ambia ule shefu, ule muntu haiko mwizi. Iko mutoto wa bantu. Kesho iko na kazi kwa bakwe bake. Kama banamufunga, bile byakula byote nani atakula?"

Polisi akatazama beseni, akatazama bibi. "Mama, unasema na nani?"

"Beseni, mwambie nasema na weye beseni."

Polisi akamgeukia baba. "Huyu mama iko nani yako?"

Baba akayaangalia majani. "Majani, ambieni shefu siwezi kumutaja."

Polisi akaanza kucheka, akacheka hadi akashikilia kamba. "Aa! Bukwe! Na miye niko na wangu kule Katuba, nikimuona nakimbia na bunduki yangu!" Akamtoa bibi kwanza, akamwacha aende mbele sana, halafu yeye mwenyewe akatembea katikati, na baba nyuma, hadi mpaka wa Kamalondo. Hakuna aliyemwona mwenzake usoni. Mjomba hakuambiwa.

Jumapili mlango ukafungwa, baba akakalishwa mkekani, shingo imevimba kwa mwasho. Upepo ulikuwa unatoka Bel-Air. Mbio zilianza wakati ule ule bibi alipofunua chungu cha kwanza, na magari yakasikika chumbani waziwazi. Baba aliinamisha kichwa, akajikaza asigeuze sikio. Watu wote walingoja neno la bibi. Mjomba alikuwa amemwandaa: aseme kuhusu subira, kuhusu watoto, kuhusu kuheshimiana.

Bibi alikaa na kifuniko mkononi, kichwa upande.

"Mukwe," akasema, "ile inalia sauti mubaya, njo ile nyekundu ya jana?"

Mjomba akakohoa. Mama yangu akafumba macho.

"Hapana, mama," baba akasema polepole. "Ile njo ya bluu. Nyekundu sijaisikia bado."

"Njo ile nilikuwa nangojea jana. Nilimaliza karanga, nikasema mara moja tena ipite, nitaenda. Ikipita, nasema mara moja tena." Akamsogezea ugali. "Kula mbio mbio. Pengine tutaenda kukuta ya mwisho kule."

Lakini mwanamume anayeingizwa hainuki kabla ya chungu cha mwisho, na mama mkwe anayefunua vyungu hainuki kabla yake, na upande wa mama yangu walikuwa wamepika siku mbili. Kuku, samaki wa Luapula, maharagwe, kisamvu, kuku tena. Baba alimeza bila kutafuna. Bibi alifunua haraka haraka hadi mjomba akamkaripia. Mara moja wakasikia mlio mwembamba ukipanda, wote wawili wakainua vichwa pamoja, na baba akasema, "Njo ile."

Kilipofunuliwa chungu cha mwisho, Bel-Air kulikuwa kimya. Sasa waliruhusiwa kutazamana, wakatazamana, kwa kuwa hapakubaki kitu kingine cha kutazama.