Mlango wa Mbele wa Duka la Mzee Salumu

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu pale Makambako, miaka ile ya ruksa, bidhaa ziliporudi madukani baada ya sisi kuzoea foleni za sabuni na sukari. Nilikuwa kijana wa kupakia na kupakua malori. Shule niliiacha darasa la tano, maana miguu yangu haikutaka kutulia chini ya dawati. Nikatoka kwetu Uwemba, nikafika Lupembe kwenye chai, nikafika hadi Tandala, nikarudi. Wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Hili ninalokusimulia, mwanangu, niliokota barazani.

Baraza yenyewe ilikuwa ya Mzee Salumu, mfanyabiashara aliyetoka Kondoa na lori moja bovu, Mungu akamjalia akawa na malori kadhaa. Duka lake la zamani lilikuwa chini, usawa wa barabara, na barazani alishona Anjelina. Dada huyu alipooza miguu utotoni. Alitembea kwa mikono, ndala kazivaa viganjani, magotini kajifunga vipande vya tairi. Cherehani yake ya mkono aliiweka mkekani, akashona sare za shule na magauni ya komunyo, na ulimi wake ulikata kuliko mkasi. Kwa kazi hiyo alimlisha mama yake.

Sasa Mzee akaamua kujenga duka jipya kiwanja cha jirani, la zamani livunjwe, malori yapate pa kusimama. Nyakati zile kila tajiri wa Makambako aliinua msingi. Duka lisilo na ngazi lilionekana kibanda. Naye alitaka sakafu yake ifikie usawa wa bodi la lori, magunia yashushiwe mbele na barabara nzima ione. Sisi wengine tungepanda tu. Anjelina asingeweza, na baraza nyingine ya chini karibu na stendi haikuwepo. Tena fundi cherehani mmoja kutoka Iringa alikwisha kuanza kuulizia nafasi ya kushonea katika duka jipya.

Kazi ya kuchora alipewa Rehema, binti wa kaka yake Mzee, aliyekuwa akisomea usanifu wa majengo Dar es Salaam na amekuja likizo. Tulidhani atafungua karatasi siku ile ile. Hakufungua. Alikaa barazani akauliza watu: wewe unaingilia wapi, unashika wapi, mvua ikinyesha inakuwaje. Alimwomba Anjelina ruhusa atembee naye kutoka kwao hadi dukani, na njiani hakumshika mkono wala hakumbebea kitu, alitazama tu na kuuliza. Kisha siku moja akachukua majivu akachora duka zima juu ya udongo, kwa ukubwa wake halisi, akatuomba tuingie humo. Akapita mama mwenye mtoto mgongoni na debe kichwani. Akapita kijana na baiskeli ya viazi, akapita babu mmoja na mkongojo wake, akinung'unika kwamba amefanywa mtoto wa kuchezea majivu. Mimi, kwa ile tamaa yangu ya kujua kila kitu, nilimshikia kamba ya kupimia. Nikamwuliza kwa nini anajisumbua, kwani mlango si mlango? Akaniambia kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yeye miguu yake mizima, kunguni wa ngazi hajawahi kuwalalia.

Hatimaye, asubuhi ile ya ukungu, akatuita barazani, akatandaza mchoro wake. Kiwanja, alituonyesha, kinateremka kuelekea nyuma. Mbele sakafu ibaki usawa wa barabara, mtaro ufunikwe kwa zege, kila mtu aingie kwa mlango mmoja. Nyuma, kwa ule mteremko, sakafu itajikuta juu yenyewe, na malori yatashushia huko.

Mzee Salumu akatikisa kichwa. "Malori yangu yajifiche nyuma, Rehema? Kwani yameiba?"

Hapo ndipo nikajitia katikati. Nikasema Mzee asihangaike, ainue msingi wake anavyotaka, dada Anjelina nitambeba mimi, asubuhi nampandisha, jioni namshusha, maana gunia la viazi lina uzito kumshinda. Watu wakanisifu. Mmoja akasema kijana huyu amelelewa na wamisionari, inaonekana. Mzee akanipiga bega kwa furaha, akamgeukia Rehema akamwambia mambo yamekwisha. Binti akaanza kukunja karatasi yake taratibu. Nami kifua kimenijaa, sioni kwamba wema wangu ndio unaomfungia mtu mlango.

Anjelina akasimamisha gurudumu la cherehani.

"Asante, kaka. Na nikitaka kwenda chooni?"

"Utaniita tu, dada."

"Nikuite kutoka Lupembe? Juzi si ulikuwa huko? Na kesho utakapolala hata wewe hupajui." Akauma uzi, akaukata. "Mimi nashona nguo za watu, kaka. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Leo unataka kuniazima miguu?"

Kicheko kikapanda, kikazimika chenyewe. Mzee Salumu hakucheka. Akaniuliza kama nalikumbuka lile lori lake la kijani. Nikamwambia nalikumbuka, nimelisukuma sana.

"Injini yake ilikuwa nzima," akasema. "Matairi mazima. Ila bila watu haliwaki. Kijana, gari la kusukumwa halipangiwi safari. Linalala pale wasukumaji walipochoka. Wewe unataka binti wa watu awe gari la kusukumwa, na sisi tukupigie makofi kwa kusukuma."

Nikainamisha uso. Naye akashusha sauti, akakiri kwamba yeye ndiye aliyeyapiga makofi hayo wa kwanza. Kisha akamwambia Rehema afungue tena karatasi.

"Lakini paa la mbele liinuke," akasema. "Siwezi kukosa vyote."

"Litainuka, baba mdogo," akajibu Rehema, na safari hii kicheko kikadumu.

Siku duka lilipofunguliwa nilisimama ng'ambo ya barabara, nimejiandaa kuona jambo. Anjelina akaja na ndala zake viganjani, akavuka zege la mtaro, akaingia kwa mlango wa mbele pamoja na watu. Akasalimia "Kamwene," wakamwitikia bila kuinua macho, kila mtu na bei ya sabuni yake. Akatandika mkeka. Basi. Kwa kweli nilisikia upungufu kidogo moyoni, kama mtu aliyekuja ngomani akakuta hakuna ngoma. Nilikwisha kutembea sana nilipoelewa kwamba kule kutotazamwa ndiko alikokuwa anakudai.

Mwanangu, wewe sasa umechaguliwa kusomea majengo, na mimi shule sina, nina haya niliyookota tu. Usianze na penseli. Anza na watu, na kati ya watu anza na yule ambaye jengo lingemwacha nje. Muulize yeye mwenyewe, usiwaulize wanaomhurumia. Usimtengee mlango wake wa uani ukauita heshima. Na mtu akikuambia ngazi zikae kwa sababu wabebaji wapo, mwulize wabebaji watalala wapi kesho. Saidia watu, ndiyo, wema hauozi, lakini jenga ili msaada wako uwe wa urafiki, usiwe ufunguo unaotembea nao mfukoni.

Mungu akupe mkono usiotetemeka na sikio lisilochoka. Kizingiti chochote utakachokiweka duniani, akivuke mwenye nguvu na asiye nazo, na wote wawili wakusahau kwa sababu hawakupata shida. Nenda, mwanangu. Baraka zangu zitangulie mbele yako.