Miisho Aliyoivuta Baba Mkubwa

Karatasi ya kitabu ikiungua pamoja na tumbaku haitoi harufu ya tumbaku peke yake. Kuna ukali fulani wa wino na gundi unaoingia puani na kukaa huko, na mimi mpaka leo nikiusikia, hata kama ni jirani tu anachoma takataka zake nyuma ya nyumba, damu inanichemka. Nilizaliwa Hasamba, huku Mbozi, zama za Mwingereza. Msimu ninaousimulia ni wa kuvuna kahawa, wenye asubuhi za ukungu na baridi ya kupasua midomo, katika mwaka ambao baba yangu alifariki na vitabu vyake vikawa vinageuka moshi mbele ya macho yangu, ukurasa baada ya ukurasa.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya misheni. Alikuwa na sanduku la bati lililojaa vitabu vya Kiswahili, na jioni, kazi za shamba zikiisha, alinisomea kimoja kati ya hivyo. Kilikuwa kisa cha mwanamke aitwaye Zuhura, ambaye mumewe alichukuliwa upagazi kwenda pwani asirudi, naye Zuhura akafunga kanga kiunoni akamfuata kwa miguu. Tulikuwa tumemfikisha katikati ya safari kifua kilipomzidi Baba. Alizikwa mvua zikiwa bado zinanyesha. Mtu mwingine angelia kwa kumkosa baba, na mimi nililia kweli, lakini nisifiche, ndani ya kilio kile kulikuwa na swali moja lililoninyima raha: Je, Zuhura alimpata mumewe?

Matanga yalipokwisha wazee wakakaa kugawa vitu vya marehemu, kama ilivyo desturi. Baba Mdogo akapewa koti. Jembe na shoka vikaenda kwa shangazi. Baba Mkubwa, kaka yake marehemu, akasema yeye anataka lile sanduku aweke nguo zake, na vitabu kwa kuwa vilikuwa ndani vikaenda navyo. Hakujua kusoma hata herufi moja. Alichokijua ni kuvuta. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi ng'ambo ya mpaka, kwenye migodi ya shaba, akarudi na kikohozi pamoja na ufundi wa kuviringisha sigara kwa vidole viwili bila kutazama. Karatasi zake zilipatikana Tunduma, na Tunduma si pua na mdomo. Sasa Mungu akamletea sanduku zima la karatasi.

Kazi yangu msimu ule ilikuwa kukaa naye uani, yeye akilinda kahawa iliyoanikwa na mimi nikifukuza kuku na kumletea kaa la moto. Hivyo niliona kila kitu. Alianza na kitabu cha kuwafundisha wake wa Kikristo namna ya kuandaa meza, uma upande huu, kisu upande ule. Hicho sikukisikitikia kuungua. Nilikuwa nimekisoma chote nikitafuta maneno ya mtu ambaye hana meza, nisiyaone. Kikafuata kitabu cha afya, ambacho kwenye kila ukurasa kilisema chemsha maji, chemsha maji, na mwandishi wake hakuuliza hata mara moja kuni zinaletwa na nani. Kuni zilikuwa zinaletwa na mimi. Cha nchi ya Ulaya kilinichosha kabisa. Mwandishi kila akitaka kueleza jambo aliona hatutalielewa mpaka alifananishe na unga wa ugali, theluji kama unga, mawingu kama unga, nywele za mabibi kama unga, hadi nikajiuliza kama kuna mtu aliyemwambia kwamba sisi pia tuna macho.

Visa vya wanyama vilikuwa vizuri, isipokuwa yule aliyeviandika hakutuamini. Sungura akishamaliza ujanja wake na msikilizaji ameshacheka, bwana huyo anaingia na aya nzima ya mafunzo, kwamba watoto tuwe watiifu na tuoge. Kitabu pekee nilichokiheshimu kwa kila neno kilikuwa kijitabu cha kilimo cha kahawa. Hakikujipamba wala hakikumdharau mtu. Kilisema chimba shimo, weka samadi, kata matawi haya, acha haya, nawe ukifanya unaona matokeo. Nacho Baba Mkubwa alikivuta kuanzia nyuma, sehemu za kumenya, kuloweka na kuanika. Halafu kahawa yake iliporudishwa na wapimaji kwa kuwa ilikuwa imechacha na kunuka, alikaa siku nzima akilalamika kwamba wamemwonea.

Hilo la kuanzia nyuma ndilo lililokuwa linanimaliza. Hakuna kitabu alichokichana mbele. Nikamwomba Mama aende akamsemeshe. Mama alikuwa anapepeta maharage, wala hakuinua uso. Alisema, "Mimi ni mke wa mdogo wake. Nikamsimamie kaka mtu nimgombeze kwa ajili ya makaratasi?" Kwetu hilo halikuwezekana, mke wa mdogo mtu alimpisha kaka mtu njiani na kuongea naye kwa mbali, kwa hiyo nikajikaza nikaenda mwenyewe. Nilipiga magoti, nikamwambia, "Baba, naomba ukichana uchane huku mbele. Mbele nimeshasoma."

Hakukasirika. Alinieleza taratibu, kama mtu anayemwelimisha mtoto mzito wa kuelewa. "Mwanangu, mtu akija kwako na habari, la maana hulitanguliza. Huko mwisho ni kuagana tu, salamu kwa fulani, salamu kwa fulani. Sasa mimi nichane maneno yenye maana nibakize salamu? Baba yako angenionaje?" Yaani alikuwa anavihifadhi. Alikuwa anamheshimu ndugu yake kwa namna hiyo, na mimi niliyejua kwamba amekosea nikainuka nikaenda kumletea kaa la moto, kwa sababu mtoto hamwambii mtu mzima kwamba amekosea.

Nikabuni njia. Kitabu cha Zuhura kilikuwa bado kizima, na niliona nikimsomea kwa sauti kitamwingia, naye akikipenda hatakigusa. Nikaanza mwanzo kabisa, kwa kuwa Baba alikuwa amenikataza kuruka hata ukurasa mmoja kukimbilia mwisho. Kilimwingia, tena kupita nilivyotarajia. Zuhura alipoibiwa chakula njiani, Baba Mkubwa aliwatukana wale wezi. Alipougua homa akalazwa kwa watu asiowajua, mzee alitaka kujua ni watu wa kabila gani na kwa nini hawakutuma mtu kwao. Ila tatizo la mvutaji ni kwamba akiguswa moyo anavuta zaidi. Mambo yalipokuwa magumu kwa Zuhura, mkono wa mzee ulikwenda wenyewe nyuma ya kitabu nilichokishika, karatasi ikachanika taratibu, tumbaku ikapangwa, naye akaniambia niendelee. Nikiongeza mwendo wa kusoma, hofu inampanda, anachana. Nikipunguza, anachoka kungoja, anachana. Nilikuwa namkimbiza Zuhura kwenda pwani huku mzee akiila pwani yenyewe kutoka upande wa pili. Nikithubutu kusema, "Baba, ukurasa huo bado," ananijibu kwamba anachukua salamu tu.

Asubuhi moja tukafika. Zuhura alikuwa ameingia mji wa pwani, miguu imevimba, akamkuta mzee kisimani akamtajia jina la mumewe. Mzee yule akaweka ndoo chini, akamtazama, akasema, "Huyo mtu namjua. Huyo mtu". Basi. Baada ya hapo palikuwa na uzi wa kushonea na jalada.

"Ehe," akasema Baba Mkubwa.

"Imeishia hapo, Baba."

"Haiwezi kuishia hapo. Mzee wa watu amefungua mdomo."

"Umeivuta, Baba."

Alitazama kipande cha sigara alichokishika, kisha akatazama majivu karibu na miguu yake, mpaka kuku wakaingia kwenye kahawa na hakuna aliyewafukuza. Halafu akanigeuzia kibao. "Ulikuwa unajua kwamba habari yenyewe iko huko, ukaniacha?" Mimi! Niliyempigia magoti! Nikajibu, "Samahani, Baba," kwa sababu hilo ndilo jibu lililokuwepo.

Tangu siku hiyo hakuchana tena. Alirudia kuvutia maganda ya mahindi, yanayokwaruza koo na kuongeza kikohozi. Alimuuliza mwinjilisti kama anamjua Zuhura. Alikwenda hadi Tunduma akawauliza madereva wa malori yaliyopita kwenda Rodeshia, watu waliokuwa na mambo yao ya kufanya, kama wamewahi kusikia mumewe alipatikana. Aliporudi bila jibu aliniita, akavipanga vile vitabu vyote visivyo na miisho juu ya mkeka, akanipa. Ndugu wengine walinung'unika kwamba urithi hauendi kwa mtoto wa kike, yeye akasema walikuwa na nafasi ya kuvitaka. Sanduku alibaki nalo. Na kila nilipomletea moto, hata nilipokwisha kuwa mwalimu mwenye mume na watoto, aliniuliza neno lile lile, "Unadhani alimpata?" Nilimwambia alimpata. Alinijibu kwamba nasema hivyo kumridhisha, na ni kweli. Akafa nalo.

Siku hizi nina rafu ya vitabu nyumbani, vyote vina kurasa zake hadi ya mwisho, na wajukuu wangu hawavigusi. Wanasoma kwenye simu, tena wanaanza kwa kutazama mwisho, eti wajue kama inafaa kupoteza muda. Nikiwaambia mtu anaweza kuvumilia kiu ya ukurasa mmoja miaka na miaka wananiona nazeeka vibaya. Vitabu vyenyewe vya sasa navyo, Mungu anisamehe, vingi ningemkabidhi Baba Mkubwa avute kuanzia popote anapopenda.

Mwaka jana nilikwenda Mbeya kupima macho. Kando ya barabara mama mmoja alikuwa ametandaza vitabu kuukuu juu ya turubai, na katikati yao nikakiona, jalada limeliwa na mende lakini mgongo mzima. Sikungoja kuulizwa. Nilifungua nyuma nikiwa nimesimama juani. Mistari miwili! Mwanamke ametembea nchi nzima, na mwandishi akaona inatosha kusema kwamba mume alikuwa hai, akafungua mlango, wakarudi kwao. Hakusema walitazamana vipi. Hakusema nani alitangulia kulia. Nilimkasirikia mtu yule, ambaye bila shaka ameshaoza, kama ninavyomkasirikia fundi aliyelipua kazi.

Lakini alimpata. Niligeuka nimwambie mtu, na pembeni yangu hapakuwa na Baba, wala Baba Mkubwa, hapakuwa na yeyote ila yule mama anayepanga vitabu vyake. Nikamwambia yeye, "Amempata mumewe."

Akainua uso, akaniuliza kwa upole, "Nani, bibi?"

Nikashindwa nianzie wapi.