Kuisoma Taa ya Babu

Likizo nyingi huwa nazimalizia Bukima kwa bibi yangu, mama wa mama, ambaye tangu nizaliwe ananiita mume wake mdogo na kuniambia nina sura ya kufukuza wateja sokoni. Babu ni mvuvi wa dagaa. Siku zisizo na mbalamwezi wavuvi wanatoka jioni, kila mtumbwi na taa yake, na bibi anakaaga nje, ugali umefunikwa, hali chochote mpaka aione taa ya babu imefika mahali pake ziwani. Zamani ilikuwa kazi rahisi. Babu alikuwa na karabai ya kizee yenye mwanga mwekundu kama jicho la mlevi, na nyingine ya hivyo haikuwepo.

Mwaka huu wavuvi wote wamehamia taa za betri. Nyeupe, zote pacha. Bibi akaanza kulala na njaa.

Mimi nikajitia mtaalamu. Mwalimu wetu wa fizikia kule Musoma alitufundisha kwamba wanaastronomia hawajawahi kuigusa nyota hata moja. Kinachowafikia ni mwanga tu, na humo humo wanasoma mambo yake. Wanaupitisha kwenye kifaa, unachambuka rangi, na rangi zinawaambia nyota ina joto kiasi gani na ina gesi zipi.

"Hao ndio wanaosafisha watu nyota?" bibi akauliza.

"Hapana bibi. Hao wanaangalia tu."

"Na wanalipwa?"

"Wanalipwa."

"Kumbe! Mimi naangalia miaka yote hii bure."

Nikakata CD yake ya kwaya iliyokwaruzika, maana CD nayo huchambua mwanga kuwa rangi, nikaipachika ndani ya boksi la dawa ya meno lenye upenyo mwembamba, nikalielekeza kwenye taa zilizokuwa bado karibu na ufuko. Kila taa ikanipa rangi zile zile, kwa mpangilio ule ule.

"Umemwona?"

"Bado."

"Na kwaya yangu ndiyo imekwenda hivyo."

Kilichoniokoa ni somo la nyota zenye sayari. Sayari ya mbali kule haionekani, ila ikipita mbele ya nyota yake, mwanga wa nyota unapungua kidogo, halafu unarudi. Wanaastronomia wakiona unapungua tena na tena kwa mpangilio, wanajua kuna kitu kinazunguka pale.

Asubuhi nikamfuata babu alikokuwa anaanika dagaa. Nikamwomba akifika, kabla hajaiweka taa kwenye boya lake, apitishe beseni mbele ya taa hiyo mara tatu, polepole.

"Ili iweje?"

"Bibi hali mpaka akuone."

Babu akageuza dagaa aliokwisha kuwageuza.

"Ananiambiaga ameshakula," akasema. Kisha akajikohoza. "Dagaa wakinikimbia, nakuanika wewe hapa."

Jioni ile taa moja ikafifia, ikarudi, ikafifia tena, ikarudi. Ya tatu bibi hakuisubiri, alishanikamata mkono hadi ukauma.

"Ni yeye! Kumbe beseni langu la kufulia liko huko!"

Alikula akamaliza, na cha kwangu akamega.

Shida ni kwamba babu hana kifua. Jioni iliyofuata tumekaa, taa ya kushoto ikafifia. Ya katikati nayo. Mara ziwa zima likawa linapepesa kama disko la harusi kule Bunda. Alikuwa amewasimulia wenzake, na wenzake nao wana wake zao nyumbani.

"Sasa wangu ni yupi?" bibi akauliza.

Darasani hatujafika hapo.

Bibi akaziangalia taa zile hadi ya mwisho ikatulia. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga.

"Wamefika wote," akasema, akafunua ugali. "Sogea tule, mume wangu."